Nani Akate Kinyama cha Mfupa?

Ukivunjika mguu Lituhi au Mbamba Bay, au ukiteleza na gunia la kahawa kwenye miteremko ya Umatengo, hakosekani jirani wa kukuelekeza kwa fundi wa mifupa kabla ya zahanati. Fundi huyo hakati. Anapapasa, anavuta, anafunga mabanzi, kisha anakufuatilia mpaka utembee. Aliyekufunga ndiye atakayekufungua, na kazi ikiharibika lawama haina pa kwenda ila kwake.

Hospitali ina desturi nyingine: kazi imegawanywa kwa watu ambao mgonjwa huenda asiwaone kamwe. Chukua uvimbe usioisha juu ya goti la kijana. Ili ugonjwa ujulikane, kinatakiwa kipande kidogo cha mfupa wenyewe, yaani kinyama. Kwa kawaida anayekichukua ni daktari bingwa wa mifupa, au bingwa wa radiolojia anayeongoza sindano kwa picha za CT. Shida ikiwa kwenye uboho, sindano hushikwa na bingwa wa magonjwa ya damu, naye huchoma nyuma ya nyonga. Hata bingwa wa figo ana sababu ya kuuchungulia mfupa, maana figo zikishindwa mifupa nayo huharibika. Wote hao huchukua tu. Anayetamka ugonjwa ni mwanapatholojia, tena kwa kawaida baada ya mfupa kulainishwa kwa tindikali kwa saa au siku kadhaa ndipo ukatike vipande vyembamba vya kuweka kwenye hadubini.

Msuli nao, ukihitaji kukatwa kinyama, una mkasa wake. Katika miaka ya 1860 Duchenne, daktari wa Ufaransa, alijitengenezea sindano ya kunyofoa msuli bila kupasua. Mwaka 1962 Jonas Bergström wa Uswidi akaifufua mbinu hiyo kwa sindano yake mwenyewe. Leo anayeagiza kipimo aghalabu ni bingwa wa mishipa ya fahamu au wa baridi yabisi, na anayekata, mara nyingi kwenye paja au bega, ni daktari wa upasuaji.

Hapo ndipo umbali unapouma. Kipande cha uvimbe husafiri vizuri ndani ya kichupa cha fomalini. Msuli unaochunguzwa kwa maradhi ya kudhoofika haufai kutumbukizwa humo wote: sehemu yake hugandishwa ikiwa mbichi, kwa baridi kali mno, la sivyo baadhi ya vipimo haviwezekani tena. Mbinga hadi Songea ni kama kilomita 100, na Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ni safari ya siku nzima kwa basi. Heri asafiri mgonjwa kuliko msuli wake.

Siwapi mafundi wa mifupa ushindi. Kidole hakioni saratani, na kumkanda au kumchanja chale kijana mwenye saratani ya mfupa ni kumpotezea miezi aliyoihitaji mno. Ila hospitali nayo ilijifunza kwa uchungu. Henry Mankin wa Boston na wenzake walichapisha mwaka 1982, tena 1996, matokeo ya wagonjwa wenye saratani za mifupa na tishu laini. Ripoti ya pili ilionyesha kuwa makosa na madhara yalikuwa mara 2 hadi 12 zaidi pale kinyama kilipochukuliwa katika hospitali iliyotoa rufaa badala ya kituo cha matibabu. Njia iliyopita kisu au sindano huweza kubaki na chembe za saratani, hivyo mpasuaji huiondoa pamoja na uvimbe. Aliyekata ovyo anaweza kumgharimu mgonjwa mguu mzima. Kwa hili moja, Boston imekubaliana na fundi wa Lituhi: anayeanza ndiye amalize, au angalau aongee na atakayemaliza.

Basi mzazi wa Liuli au Litembo, uvimbe wa mfupa unaokua na kuuma usiku usiukabidhi kwa mkandaji. Wala usikubali ukatwe upesi popote kabla ya picha, na kabla daktari hajawasiliana na bingwa atakayefanya upasuaji. Na kabla hujatia sahihi, uliza: kinyama kinapelekwa wapi, na jibu litarudi kwa nani?