Safu wima ya vihisi

Safu wima ya vihisi ni vipimamtetemo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine ndani ya shimo refu la ardhini, au hidrofoni (vinasa sauti vya majini) zilizofungwa kwenye kamba inayoning'inia majini. Faida yake ni kutenganisha mambo mawili ambayo kihisi cha juu ya ardhi huyachanganya: tetemeko lenyewe, na udongo unaolikuza. Baada ya tetemeko la Kobe la 1995, Japani ilijenga mtandao wa KiK-net, ambao kila kituo chake kina kihisi juu na kingine chini kabisa ya kisima, mara nyingi kwenye kina cha mita 100 au zaidi. Katika kisima cha mita 100, wimbi likipita chini, kisha likafika juu nusu sekunde baadaye, limekwenda mita 200 kwa sekunde: huo ni udongo laini. Kwa mji wa Kamina, nchini Kongo, jambo hili si la mbali. Mashariki mwa mji liko bonde la Upemba, ambako mto Lualaba umetandaza matope. Na tetemeko la 5 Desemba 2005, la kipimo cha 6.8, liliuumiza mji wa Kalemie, ulio kando ya Ziwa Tanganyika.

Wapo wanaosema kuchimba ni ghali, na kwamba safu wima haioneshi tetemeko limetoka upande gani. Hoja ya pili ni kweli kabisa. Vituo vilivyotawanyika bado ni vya lazima. Lakini vituo hivyo haviwezi kueleza kwa nini nyumba ya bondeni ianguke na ya mwambani isimame. Majini ni vivyo hivyo: katika Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, kamba ya hidrofoni ingetofautisha sauti inayopanda kutoka sakafuni na mwangwi unaorudi kutoka juu, kwa sababu ya kwanza huigusa hidrofoni ya chini mapema.