Ganda Tupu Linalomlinda Binti Yako

Karibu tuzungumze juu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Akina mama wengi huniuliza: "Sister, mkimchanja binti yangu, si mtamtia huo ugonjwa?" Swali hilo ni zuri, na jibu limo katika historia ya chanjo yenyewe.

Saratani hii huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mwaka 1983, Daktari Harald zur Hausen na wenzake kule Ujerumani walitangaza kwamba wamepata HPV ya aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hii. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel. Leo tunajua kwamba aina ya 16 na ya 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi.

Sasa mama, fikiria yai. Virusi navyo vina ganda, lakini la protini. Ganda hilo ndilo hushika seli za mwili ili virusi viingie. Madhara yako ndani. Mwaka 1991, Jian Zhou na Ian Frazer huko Queensland, Australia, walitengeneza protini za ganda peke yake. Zikajiunga zenyewe, zikawa ganda tupu. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2006, na protini yake hukuzwa kwa hamira.

Je, ganda tupu la yai linaweza kutoa kifaranga? Haliwezi. Vivyo hivyo chanjo haiwezi kuleta HPV wala saratani. Mwili hulitambua ganda hilo na kuweka askari wake tayari.

Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019. Mwaka 2022, Daktari Nelly Mugo wa KEMRI na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wasichana na wanawake vijana 2,275 huko Thika, Nairobi na Kisumu. Hata dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18.

Mama, mpeleke binti mapema, kabla hajakutana na virusi. Na wewe je? Chanjo haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia, kwa hiyo nenda ukapimwe mlango wa kizazi hata kama huna maumivu. Kinga ni bora kuliko tiba. Kwaheri kwa sasa.