Jini, Fimbo na Kete: Safari ya Ombi Ndani ya Gemu

Mwaka 1978 Gary Gygax alichapisha kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani kwa karatasi, penseli na kete. Kati ya uchawi wa daraja la 9, la juu kabisa, ulikuwemo ule wa kuomba lolote. Mchezaji alitamka haja yake, msimamizi wa mchezo akaamua itimizwe vipi. Kitabu kilimpa msimamizi mfano mkali: mchawi akiomba mtu fulani awe amekufa, anaweza kurushwa mbele hadi wakati ambao mtu huyo hayupo tena duniani. Ombi limetimia neno kwa neno, na mchawi ametoka mchezoni.

Hofu hiyo ni ya kale. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanamjua jini aliyetolewa chupani na mvuvi, kisha akataka kumuua mkombozi wake. Lakini kompyuta haina msimamizi wa kuyapinda maneno ya mchezaji, kwa hiyo watunzi wa programu walilazimika kuutega mtego kwingine.

Wizardry, iliyotungwa na Andrew Greenberg na Robert Woodhead na kutoka mwaka 1981, iliutega kwenye bei. Mlikuwa na maombi mawili, HAMAN na MAHAMAN, yasiyosomeka kabla mchawi hajafika levo ya 13. Kila alipoomba alishuka levo 1, bila hakika ya atakachopewa. Mwenye busara aliyaweka akiba kwa pambano ambalo kundi zima lingeangamia.

NetHack ya mwaka 1987 ilikwenda mbali zaidi, na mpaka leo hakuna gemu iliyolishughulikia ombi kwa makini kiasi hicho. Fimbo ya matakwa imefichwa ndani ya ngome iliyozungukwa na maji. Aliyeipata huletewa mstari mtupu, naye huandika anachotaka: deraya ya magamba ya joka la kijivu, iliyobarikiwa, iliyopakwa grisi, +2. Kila neno lina kazi. Magamba ya kijivu hukinga uchawi. Grisi humfanya samaki mkunga mkubwa ateleze anapotaka kumkaba mchezaji na kumzamisha. Namba nayo ina hesabu yake: anayeomba +2 ana nafasi 80 kati ya 100 za kuipata, anayeomba +3 ana 60, na kete zikikataa deraya huja bila nyongeza yoyote. Tamaa imewekewa kipimo, tena kipimo cha haki.

Bahati nayo huhesabiwa kimyakimya. Kuvunja kioo huipunguza, na mwenye nuksi akiomba kitu kilichobarikiwa hupewa kilicholaaniwa. Fimbo yenyewe huchajiwa mara 1 tu. Ya pili inalipuka.

Hata asiyefika ngomeni ana njia, nayo ni taa ya jini. Taa isiyobarikiwa wala kulaaniwa ikisuguliwa jini akatoka, kuna nafasi 20 tu kati ya 100 kwamba atatimiza haja. Anaweza vilevile kutoweka au kushambulia. Ikichovywa kwanza katika maji matakatifu, nafasi hupanda hadi 80. Ikiwa imelaaniwa, ni 5 tu, na 80 ni za jini mwenye hasira. Kwa hiyo mjuzi hutafuta madhabahu, huweka chupa za maji juu yake na kusali, na taa huigusa mwisho kabisa.

Baldur's Gate II ya BioWare, iliyotoka mwaka 2000, pamoja na nyongeza yake ya mwaka uliofuata, Throne of Bhaal, ilimrudisha jini mwenyewe kuzungumza. Humpa mchawi orodha ya matakwa, na orodha hiyo hutegemea hekima yake. Hapo wengi walinaswa, kwa kuwa uchawi wa kawaida unahitaji akili, na hekima walikuwa wameiachia makasisi tangu siku ya kuunda wahusika. Mwenye hekima 18 anaweza kupata ombi zuri kuliko yote: kundi zima kupumzika papo hapo katikati ya vita, uchawi wote uliotumika ukarudi. Mwenye hekima haba huwekewa machaguo yanayowadhuru wenzake.

Tofauti moja imebaki kubwa. Katika Baldur's Gate II mchezaji huhifadhi mchezo kabla ya kumwita jini, na mambo yakiharibika huurudia. NetHack hulifuta faili lililohifadhiwa mara tu linapofunguliwa, na anayeandika mara 5 vitu visivyokuwepo hupewa chochote kile, fimbo ikiwa imekwisha kutumia chaji yake.