Nani na Lini: Mtindo wa Mwandishi na Mwaka katika Kuurejelea Utendi wa Mwana Kupona

1.0 Utangulizi

Kila mtindo wa marejeo unaotaja mwandishi na mwaka ndani ya matini hujibu maswali mawili: ni nani aliyesema, na alisema lini? Maswali hayo huonekana mepesi. Hata hivyo, yanapoelekezwa kwenye fasihi ya kale ya Kiswahili, majibu yake yanaweza kumnyima mtunzi haki yake. Mhadhara huu unalinganisha mitindo ya Harvard, APA na Chicago kwa kuitazama kazi moja, yaani Utendi wa Mwana Kupona.

2.0 Asili ya Mitindo Hii

Mtindo wa mwandishi na mwaka hunasibishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1881, katika makala kuhusu ukuaji wa mayai ya koa, aina ya konokono asiye na gamba, Mark aliweka mwaka wa kazi aliyoirejelea ndani ya mabano. Historia hiyo ilifafanuliwa na Eli Chernin mwaka 1988. Ingawa mtindo huo unaitwa Harvard, hakuna chombo kimoja kinachousimamia. Kwa hiyo kila chuo huweza kuwa na kanuni zake.

Mitindo mingine miwili ina wasimamizi. Mwongozo wa APA, yaani Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa 7, na toleo lake la saba lilitoka mwaka 2019. Mwongozo wa Chicago ulitoka mara ya kwanza mwaka 1906, na toleo la 18 mwaka 2024. Huo huruhusu tanbihi na pia mwandishi na mwaka. Ndani ya mabano, APA hutenga jina na mwaka kwa mkato, ilhali Chicago haiweki mkato. Katika orodha ya marejeo, APA hufupisha majina ya kwanza kuwa herufi, ilhali Chicago huyaandika kamili. Tofauti hiyo ya mwisho si ya urembo tu.

3.0 Mtunzi Anayetoweka

Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi huo mwaka 1858. Katika beti za mwisho ametaja jina lake, Pate alikozaliwa, na mwaka 1275 wa Hijria. Kwa maneno mengine, miaka 23 kabla ya makala ya Mark, utendi wenyewe ulikwisha kujibu nani na lini.

Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utendi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mtafiti anayefuata jalada la kitabu huandika: Werner na Hichens 1934. Papo hapo mtunzi anatoweka, na lugha ya karne ya 19 inasogezwa mbele miaka 76. Kwa anayechunguza mabadiliko ya lahaja za kaskazini, kosa hilo si dogo.

Jina nalo lina utata. Msham si jina la ukoo bali ni la baba. Kanuni ya APA ikitumiwa bila kufikiri, huzaa “Msham, M. K.”, baba anatangulia, na binti anabaki herufi mbili zisizodokeza hata kwamba ni mwanamke. Chicago hulihifadhi jina lote, lakini nayo huweza kuligeuza.

4.0 Hitimisho

Dawa imo ndani ya mitindo yenyewe. Kwa vitabu vilivyochapishwa upya, APA huandika miaka miwili kwa mkwaju, 1858/1934, nayo Chicago hutia mwaka wa asili katika mabano ya mraba, [1858] 1934. Njia hizo hazikubuniwa kwa ajili ya miswada, lakini zinaweza kuitumikia. Yafaa basi kuandika Mwana Kupona binti Msham 1858/1934, jina likiachwa katika mpangilio wake, na Werner na Hichens watajwe kama wahariri. Pale hoja inapohusu tafsiri au maelezo yao, hapo ndipo wastahilipo kutangulia, kwani kazi hiyo ni yao. Beti ni za Mwana Kupona, naye alizitia sahihi.