Kuni za mkulima wa Kivu: nani ana ruhusa ya kupanda mti?

Katika vijiji vya Kivu, karibu chakula chote kinapikwa na kuni. Makala ni zaidi mambo ya miji: Goma, Bukavu, Butembo. Hii tofauti ni ya maana, juu mara nyingi tunasikia kwamba mkulima njo anamaliza pori. Mama wa kijiji anaokota matawi makavu, vibuzi vya mahindi, mashina ya mihogo. Mwenye kuchoma makala anaangusha mti mzima. Na katika tanuri ya udongo ya kawaida, kilo 100 za mti mkavu zinatoa kilo 10 mpaka 15 tu za makala. Tanuri yenye kupangwa vizuri, na bomba ya kutoa moshi, inaweza kufika 25 hivi. Mti uleule, chakula mara mbili.

Kwa miaka mingi makala mengi ya Goma yametoka ndani ya Parke ya Virunga, ile yenye kuundwa mwaka 1925. Mwaka 2007 sokwe wa milima waliuawa humo, na uchunguzi ulionyesha mkono wa biashara ya makala. Mwaka huohuo WWF ilianzisha EcoMakala, mradi wa kusaidia wakulima wa kandokando ya parke kupanda miti yao wenyewe. Kuhusu umeme wa Matebe, wenye kutoka katika mto Rutshuru, ni jambo zuri, lakini mkulima wa mlimani bado anapika kwenye mafiga matatu.

Mti wenye kupandwa sana ni mkaratusi. Unakatwa kisha miaka 5 mpaka 7, na kisiki kinachipuka tena bila kupanda upya. Ubaya wake unajulikana: unakunywa maji mengi, na maharagi hayapendi kukaa chini yake. Usiupande karibu na chemchemi. Grevilea inavumiliana na mimea ya shamba. Kaliandra, ile ya matuta ya kuzuia mmomonyoko, inalisha mbuzi, inashika udongo, na vijiti vyake vinawaka vizuri.

Kwa hiyo miti iko. Shida iko kwa udongo, na hapo miradi mingi inapita haraka sana.

Katika Bushi kuna njia mbili za zamani za kupata shamba. Ya kwanza ni kalinzi: unatoa ng'ombe ao mbuzi kwa chefu, na shamba linabaki kwako na kwa watoto wako. Ya pili ni bwasa: unakodi kwa muda mfupi, unalipa, unalima maharagi na mihogo. Mwenye bwasa hana ruhusa ya kupanda kitu chenye kudumu, kahawa, ndizi ao mti. Sababu haifichwe: mti ni alama ya mwenyeji. Ukiacha mpangaji apande mikaratusi, kesho atasema shamba ni lake. Hata kwa mashamba ya wenye kuwa na makonsesyo makubwa ni vilevile.

Matokeo yake, yule mwenye shida kubwa ya kuni, mpangaji wa shamba dogo, njo hawezi kupanda hata mti mmoja. Mwenye vilima anapanda mikaratusi, anauza mbao na makala mjini. Wamama wanarudi porini, ao wanaingia parke, mahali wanaweza kukutana na walinzi ao na watu wa silaha. Ukiwagawia miche bure, wataiweka wapi?

Kuna vijiji fulani wanajaribu kupatana: mpangaji anapanda kaliandra ao grevilea kwa mipaka, shina linabaki la mwenye shamba, matawi ni ya mpangaji. Mapatano ya mdomo yanavunjika siku mzee anakufa na watoto wake wanakuja kuuza. Heri muandike karatasi mbele ya chefu wa kijiji na mashahidi: ni miti mingapi, nani anakata, mwaka gani, na machipukizi ya kisiki yatakuwa ya nani. Hili la mwisho watu wanalisahau, na njo lenye kuleta ugomvi kisha mkato wa kwanza.