Mkusanyiko wa Amani Kando ya Barabara: Taarifa ya Saa 48, Wajibu na Usalama wa Mshiriki

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wa Kata ya Masieda, Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, kama walivyo wa vijiji vingine nchini, wanaweza kuamua kukusanyika kando ya barabara ili kufikisha kilio chao kuhusu maji, ardhi au ubovu wa barabara yenyewe. Haki hiyo ipo kisheria. Hata hivyo, kando ya barabara ni mahali penye hatari, na vijijini msaada wa haraka huwa mbali. Makala haya yanaeleza utaratibu wa kufuata na tahadhari za kuchukua.

Msingi wa kisheria

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatoa uhuru wa maoni, na Ibara ya 20 inatoa uhuru wa kukutana na watu wengine kwa hiari na kwa amani na kutoa mawazo hadharani. Ibara ya 30 inaweka mipaka, ili haki ya mmoja isivunje haki za wengine au masilahi ya umma.

Kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, anayekusudia kuitisha mkusanyiko au maandamano hadharani anapaswa kutoa taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla. Taarifa hiyo ieleze mahali, muda na madhumuni. Sheria inataka taarifa, si ombi la kibali. Hata hivyo, ofisa huyo anaweza kuzuia mkusanyiko akiridhika kuwa utahatarisha amani au usalama wa umma. Asiyeridhika na zuio anaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana.

Hali zote mbili zimeshuhudiwa jijini Dar es Salaam. Tarehe 24 Januari 2024 maandamano ya chama cha CHADEMA yalifanyika kwa amani chini ya ulinzi wa polisi. Maandamano ya chama hicho yaliyopangwa kufanyika tarehe 23 Septemba mwaka huohuo yalipigwa marufuku, na viongozi wake wakakamatwa. Kwa hiyo, kila mshiriki ahakikishe kabla ya kutoka nyumbani kwamba taarifa imetolewa na hakuna zuio.

Maandalizi ya waandaaji

Waandaaji watunze nakala ya taarifa iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wateue wasimamizi wanaotambulika kwa vitambaa vya rangi moja, na msemaji mmoja wa kuzungumza na polisi. Kwa kuwa eneo la Mbulu lina Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe, matangazo yatolewe kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, ili amri ya kutawanyika isieleweke kwa wachache tu.

Eneo lichaguliwe mahali ambapo dereva huwaona watu akiwa mbali. Pasiwe kwenye kona, darajani au kwenye mteremko. Wote wasimame upande mmoja, nje ya njia ya magari. Kuziba barabara ni kosa, na kunaweza kumchelewesha mgonjwa au mjamzito anayekimbizwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Mkusanyiko uishe kabla ya giza.

Wajibu wa mshiriki

Mshiriki abebe maji ya kunywa, kofia, dawa anazotumia kila siku, kitambulisho, na namba ya simu ya ndugu iliyoandikwa kwenye karatasi, kwani simu huweza kuzimika. Avae viatu vilivyofungwa vizuri. Watoto wadogo, wazee wasiojiweza na wagonjwa wabaki nyumbani.

Fimbo, sime, mkuki, upinde na mishale ni vitu vya kawaida kwa mfugaji na mwindaji. Katika mkusanyiko, vitu hivyo huweza kuhesabiwa kuwa silaha, na kwenda na silaha hadharani ni kosa. Viachwe nyumbani. Akitokea mtu wa kurusha mawe, wengine wajitenge naye mara moja na kumjulisha msimamizi.

Ikitolewa amri ya kutawanyika

Ondoka kwa kutembea, bila kukimbia kuvuka barabara. Anayekumbwa na moshi wa mabomu ya machozi aende upande upepo unakotoka, asifikiche macho, na ayaoshe kwa maji safi mengi. Dharura ziripotiwe polisi kwa namba 112, na Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Anayekamatwa asishindane kwa nguvu. Ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na kutendewa kwa utu. Anayeona haki zake zimevunjwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Njia nyingine za kufikisha hoja

Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ni haki ya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Hoja iliyoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano huo, ikapelekwa kwa diwani na kwa Halmashauri ya Wilaya, hubaki kuwa kumbukumbu rasmi. Wananchi watakaolazimika baadaye kukusanyika kando ya barabara wataitumia kuonesha kwamba walianza kwa kufuata ngazi zote.