Meli za wanafunzi (Ziwa Victoria)

Njia ya majini iliyowavusha vijana wa Mwanza, Bukoba na Musoma kwenda kusoma nchi jirani. Mwaka 1963, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizaliwa na masomo yakagawanywa: udaktari Makerere (Kampala), uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kwa vijana hao, meli ilikuwa barabara. Wa udaktari alishukia Port Bell, karibu na Kampala. Wa uhandisi alishukia Kisumu, akabeba sanduku lake hadi kwenye treni ya Nairobi.

Miongoni mwa meli maarufu za ziwa hilo ni MV Victoria: ilitengenezwa Uskoti, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Chuo kiligawanyika mwaka 1970, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na meli ikabaki Tanzania. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa, ikarudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Inabeba abiria 1,200, na bado inakesha njiani kati ya Mwanza na Bukoba, ikipitia Kemondo, inakopakiwa mikungu ya ndizi.